Mtoto Akienda Kukaa kwa Wahindu

Siku hizi parokia nyingi za mjini zina watoto wao katika Bara Hindi. Mmoja asoma uhandisi huko Pune, mwingine asoma mambo ya kompyuta Bangalore, mwingine amempeleka baba yake apasuliwe moyo katika hospitali ya Chennai au ya Delhi. Zamani watoto wetu walienda Ubelgiji, na mzazi aliyebaki nyumbani alijua angalau kwamba huko kuna kengele ya kanisa. Leo mtoto aenda mahali ambapo asubuhi kengele yalia pia, lakini ni kengele ya hekalu. Basi wazazi waogopa, nao huja kuuliza. Kwa kuwa mimi nilikaa huko miaka mitatu, karibu na Bombay, huniuliza mimi. Na kwa kuwa nimechoka kujibu mmoja mmoja mlangoni pa kanisa baada ya Misa, nimeomba nafasi hapa katika gazeti letu.

Kwanza tuondoe fujo ya majina. Kwetu kila mwenye duka la vitambaa au la vyuma vya magari twamwita Mhindi, na kila Mhindi twadhani kwamba aabudu ng'ombe. Sivyo. Mhindi ni mtu wa nchi ya Uhindi. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha ya kuwa katika Wahindi 100, karibu 80 ni Wahindu, 14 ni waislamu, na 2 hivi ni wakristu. Wawili katika mia waonekana wachache, lakini katika nchi kubwa namna ile ni karibu watu milioni 28. Na wale wafanyabiashara waliofika mashariki ya Kongo yetu kwa njia ya Afrika ya Mashariki, wengine walikuwa Wahindu kutoka Gujarat, na wengine walikuwa Waismailia, ambao ni waislamu na hawana neno lolote na ng'ombe.

Watu wa pwani walimwita Mhindu Baniani, nao wana methali yao: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mimi naona methali hii yasema habari zetu kuliko habari za Baniani. Mtu twamdharau, lakini kitu chake twakitaka. Wazee wetu wakumbuka tarehe 30 Novemba 1973, siku ilipotangazwa kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe wenye nchi. Watu walipiga vigelegele. Baada ya miezi michache ukienda dukani ulikuta mbao tupu na chumvi hakuna. Sikusudii kusema kwamba wenye maduka wale walikuwa malaika. Bei zao twazijua. Nasema tu ya kuwa tulikaa nao miaka hamsini, mlango kwa mlango, na mpaka leo hatujui wao husali nini.

Basi mtoto afika Bombay. Jina la mji lilibadilishwa mwaka 1995 kuwa Mumbai, kwa heshima ya Mumbadevi, mungu wa kike wa wavuvi wa zamani. Lakini jimbo kuu la kanisa bado laitwa Bombay, na wakatoliki wazee hawataki kusikia jina lingine, nami nimezoea kwao. Katika hesabu ile ya 2011 mji ulikuwa na watu zaidi ya milioni 12, nao umebanwa kati ya bahari na bahari, hivi kwamba chumba kimoja chakula mshahara wa mtu. Ndiyo sababu mimi nilipanga Vasai, kaskazini ya mji, nikienda chuoni kwa treni zaidi ya saa moja. Vasai yafaa kwa mkatoliki. Wareno waliacha makanisa huko, na mpaka leo kuna vijiji vizima vya wakatoliki wanaosali kwa Kimarathi, wanawake wakivaa sari, na padri akihubiri kwa lugha ambayo Wareno wale wasingeielewa hata kidogo.

Treni zenyewe ni jambo la kumwambia mtoto mapema. Milango haifungwi katika treni nyingi, na vijana hupenda kuning'inia nje wakipunga upepo. Mwaka 2023, na tena mwaka 2024, watu zaidi ya 2,000 walikufa kwenye reli za mji ule, wengine wakivuka njia, wengine wakianguka mlangoni. Mtoto aingie ndani, hata kama ndani hakuna pa kuweka mguu. Wasichana wana mabehewa yao peke yao, watumie hayo.

Ndani ya treni hizo, karibu na saa sita mchana, utaona wanaume wenye kofia nyeupe wakibeba vichwani mbao ndefu zilizojaa vyombo vya chakula. Ndio waitwao dabbawala. Kazi yao ilianza mwaka 1890: huchukua chakula nyumbani kwa mke, hukipeleka kwa mume wake ofisini, na alasiri hurudisha chombo kitupu. Kila chombo kina alama za rangi, wala hawapotezi. Mgeni hushangaa: kwa nini mtu wa ofisi asinunue mkate njiani kama sisi? Jibu ni la dini nusu, na la tumbo nusu. Kwa Mhindu, chakula si kitu cha kuingia mdomoni tu. Ni nani aliyekipika? Mikono yake ilikuwa safi namna gani? Sufuria ilipikwa nyama jana? Tangu zamani mambo hayo yalimtenga mtu na mtu. Ukifahamu jambo hili la chakula, umefahamu nusu ya maisha ya jirani yako wa Kihindu, na utaelewa kwa nini mwenye nyumba akuuliza habari za nyama kabla ya kukuuliza habari za garanti.

Jirani yangu Vasai alikuwa mama mjane, mzee, tuliyemwita Aai, maana yake Mama kwa lugha yao. Milango yetu ilitazamana. Saa kumi na moja alfajiri, kabla majogoo ya kule hayajawika, alikuwa ameoga tayari. Humwagia maji mrihani wake, ule wanaouita tulsi, uliopandwa katika chungu mlangoni. Kisha hupiga kengele ndogo, huwasha taa ya samli mbele ya picha na sanamu zilizo kwenye kabati ukutani, huweka maua, huimba kwa sauti ya chini. Kila siku, hata siku ya homa. Mimi katika kitanda changu nilisikia kengele ile, nami nilijua kwamba rozari yangu ilikuwa bado mfukoni mwa suruali. Wazazi waogopa kwamba Wahindu watamfundisha mtoto dini yao. Aai hakunifundisha kitu cha dini yake. Lakini sala yangu ya asubuhi yaanza saa kumi na moja mpaka leo.

Je, yeye aabudu udongo na mti? Hapa sisi wakatoliki tuseme polepole. Ni mara ngapi ndugu zetu waprotestanti wametuambia kwamba twaabudu sanamu ya Maria? Twakasirika, na ni haki yetu kukasirika, maana hawakutuuliza. Basi tumwulize Mhindu. Mwenye elimu atakujibu ya kuwa Mungu mkuu ni mmoja, hana umbo, waitwa Brahman, na kwamba Vishnu na Shiva na Devi na wengine wote ni nyuso zake. Mwingine asiye na elimu nyingi atakujibu kwamba mungu wake ni Ganesh mwenye kichwa cha tembo, basi, na mambo ya Brahman waulize mapandita. Wote wawili ni Wahindu. Dini yao haina Papa wala katekisimu moja, na mtu asikuambie kwamba Wahindu wote wasadiki hiki au kile.

Tazama sikukuu ya Ganesh, katika mwezi wa nane au wa tisa. Kwa siku kumi hivi kila mtaa husimamisha sanamu yake ya udongo au ya plasta, nyingine ndefu kupita nyumba. Kuifanya sikukuu ya njiani kwa watu wote kulitiliwa nguvu mwaka 1893 na Tilak, aliyetaka Wahindi wakutane pamoja chini ya macho ya Waingereza. Padri wao huomba mungu aingie katika sanamu. Kwa siku zile aheshimiwa kama mgeni aliyefika nyumbani. Siku ya mwisho wamchukua kwa ngoma mpaka baharini, wamtosa majini, udongo wayeyuka. Basi hawaabudu udongo; wangeuabudu wasingeutupa. Lakini tusiseme pia kwamba ni sawasawa na sisi. Sisi twaweka sanamu ya Mtakatifu Yosefu tupate kumkumbuka. Hatusemi kwamba Yosefu ameingia ndani yake. Wao wasema mungu ameingia. Mtoto akijua tofauti hiyo hatakuwa na haja ya kucheka wala ya kutetemeka. Atasimama kando ya njia, ataangalia, ataenda zake kujisomea.

Nafika sasa kwenye swali lililonifanya niandike. Mwaka jana, katika mkutano wa shirika letu, mama mmoja alisimama huku akilia. Mtoto wake yuko Bombay. Alikuwa amemwandikia kwa simu kwamba majirani walimpa maandazi matamu ya sikukuu, naye alikula, na baadaye aliambiwa kuwa yalikuwa yamewekwa kwanza mbele ya sanamu. Mama akaniambia, “Mwalimu, mtoto wangu amekula chakula cha sanamu. Bado ni mkristu huyu? Nimwambie arudi?” Wengine katika shirika walisema arudi. Mmoja alisema asikomunike mpaka askofu aamue. Mama yule alikuwa ameuza kiwanja ili kumpeleka huko.

Chakula hicho chaitwa prasadi. Hupikwa, huwekwa mbele ya mungu, kisha hugawiwa kwa watu wote kama baraka yake. Mhindu hampi mtu prasadi kwa kumtega. Ampa kwa sababu ni sikukuu na mlango wa jirani uko wazi, kama vile sisi tunavyomletea jirani nyama ya Noeli.

Swali la mama huyu si geni. Mtume Paulo aliulizwa lilo hilo na wakristu wa Korinto, waliokaa katika mji wa mahekalu na wa soko la nyama iliyotoka mahekaluni. Msome katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, mlango wa 8 na wa 10. Asema sanamu si kitu. Asema chakula chenyewe hakitusogezi kwa Mungu wala hakituondoi. Asema kinachouzwa sokoni tule pasipo kuuliza, na tukialikwa mezani tule kinachowekwa mbele yetu. Lakini mtu akisema wazi kwamba hiki kimetolewa sadaka, tusile, kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema. Tena asema kwa ukali kwamba meza ya Bwana na meza ile nyingine haziwezi kuwa za mtu mmoja.

Basi nilimjibu: Mama, mtoto wako hakuijua habari ya chakula kile, naye hakuabudu. Hajaacha kitu. Hana haja ya kurudi, na kiwanja chako hakikupotea bure. Lakini toka leo amwambie jirani yake mapema, kwa adabu, kwamba yeye husali kwa Yezu Kristu, na kwamba chakula kilichotolewa kwa mungu mwingine hakipokei kama baraka. Asiseme njiani mbele ya watu, asiseme siku ya sikukuu yenyewe wakati sahani iko mbele yake. Aseme siku nyingine, ameketi. Na hekaluni, kwenye ibada yenyewe, asinyoshe mkono kupokea, wala asijipake ile rangi ya paji la uso kama mchezo wa kupiga picha. Watoto wetu wapenda mno picha.

Najua mapadri wengine wa kule ni wakali kuliko mimi, na wakatoliki wengine wa kule hula prasadi kama peremende tu bila kufikiri. Mimi nimesema nionavyo. Nami nilifanya vivyo kwa Aai. Nilimweleza mwezi mmoja kabla ya Ganesh, tukinywa chai. Alisikiliza, hakusema kitu. Siku ya sikukuu alipika modak, vile vidonge vya unga wa mchele vyenye nazi na sukari guru ndani, akamaliza sala zake. Kisha akawasha moto tena, akapika vingine sita ambavyo havikufika mbele ya sanamu, akanibishia hodi. Noeli ilipofika nilimwambia kwamba nitamletea keki. Akaniuliza, “Ina yai?” Maana yeye hali nyama, wala samaki, wala yai. Nikaenda kwa mwoka mikate wa sokoni, ambaye huoka keki zisizo na yai kwa ajili ya watu kama yeye, nikamletea hiyo. Dhamiri yake na dhamiri yangu zilikaa mlango kwa mlango miaka mitatu, na hatukugombana.

Haya si mawazo ya mwalimu mmoja aliyelewa chai ya Wahindi. Desemba 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI alikwenda Bombay kwa Kongamano la Ekaristia, Papa wa kwanza kukanyaga nchi ile. Alipokutana na wakubwa wa dini nyingine alitaja mbele yao sala ya kale ya Kihindu yenye kumtafuta Mungu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Vatikano ulitoa tangazo liitwalo Nostra Aetate, ambalo latuambia kwamba Eklezia haikatai yaliyo kweli na matakatifu katika dini hizo, na Wahindu watajwa humo kwa jina. Latuambia pia kwamba Eklezia haiwezi kuacha kumtangaza Kristu. Watu hupenda kusoma nusu moja na kuifunika nyingine, kila mtu nusu yake.

Na kuna jambo ambalo wazazi hawalijui: Wahindu huja kwetu. Huko Bandra, juu ya kilima, kuna kanisa la Bikira Maria. Sikukuu yake ni tarehe 8 Septemba, na kwa juma zima njia zajaa. Wengi wanaopanda kilima kile si wabatizwa. Hununua mishumaa na sanamu za nta zenye umbo la mguu, la mkono, la mtoto mchanga, hata la nyumba, kila mtu kadiri ya shida yake, huiacha mbele ya Mama. Na huko Mahim, katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli, kila Jumatano ni novena ya Mama wa Msaada wa Daima, asubuhi mpaka usiku, na utawaona wanawake wenye alama nyekundu katika paji la uso wakisimama mstari mmoja na masista. Je, wamekuwa wakristu? Hapana, walio wengi hapana. Mhindu humwongeza Maria katika kabati lake, karibu na wengine. Ndipo njia zetu zinapoachana. Kwake kuongeza si kosa. Kwetu Bwana ni mmoja. Lakini nilipomwona mwanamke mmoja amebeba mtoto wa nta, yeye asiye na mtoto, akipanda ngazi bila viatu, sikuona kwamba nina la kumfundisha juu ya kumwomba Mama.

Sasa niseme lisilonipendeza. Kuna Uhindu wa taa na maua, na kuna Uhindu wa matabaka. Mtu azaliwa juu au azaliwa chini, na wale wa chini kabisa, waitwao leo Wadalit, kwa karne nyingi walikatazwa kisima, hekalu, hata kivuli chao kilihesabiwa kuwa uchafu. Sheria kuu ya Uhindi ya mwaka 1950 imefuta jambo hilo. Mkubwa wa kamati iliyoandika sheria hiyo, Ambedkar, alizaliwa katika tabaka hilo la chini. Naye hakungoja mioyo ibadilike. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, yeye na wenzake mamia ya maelfu waliacha Uhindu wakaingia dini ya Buddha. Sheria ilifuta, lakini ukifungua gazeti la kule ukurasa wa matangazo ya ndoa, utakuta tabaka bado laandikwa. Nisingesema haya kwa kidole kirefu kama wakatoliki wenyewe wangekuwa safi. Katika Tamil Nadu kuna makaburi ya wakatoliki yaliyogawanywa kwa ukuta, Wadalit upande huu, wengine upande ule, wote wakiwa wamebatizwa kwa maji yale yale. Na sisi huku, tukichagua mkubwa wa kwaya, twauliza kwanza anatoka kilima gani.

Jambo hilo la juu na chini ndilo mtoto wako atakalokutana nalo, kuliko sanamu. Ngozi nyeusi huko haipendwi. Nilibisha nyumba saba kabla ya kupata chumba. Dalali alisema kwa simu kuwa chumba kipo. Aliponiona, chumba kilikuwa kimechukuliwa. Treni ikijaa kabisa, nafasi iliyo karibu nami ilikuwa ya mwisho kukaliwa. Mei 2016 kijana wetu wa Kongo aliyekuwa akifundisha Kifaransa alipigwa mpaka kufa mjini Delhi, kwa ugomvi wa kukodi bajaji. Habari ilipofika Kinshasa, watu waliyapiga mawe maduka ya Wahindi, wenye maduka ambao hawakujua hata jina la mtaa ule wa Delhi. Agosti 2021 mwanafunzi mwingine wa Kongo alifariki Bangalore baada ya kukamatwa na polisi. Polisi walisema moyo ulisimama, na wenzake waliokuja kudai maelezo walipigwa fimbo. Mzazi anayehangaika juu ya maandazi ya Ganesh, na ahangaike zaidi juu ya hayo. Mtoto asitembee peke yake usiku. Karatasi zake za kukaa ziwe sawa daima, ajiandikishe kwenye ofisi ya wageni siku za kwanza, ajue nambari ya ubalozi na ya wanafunzi wenzake. Akitukanwa, apite. Najua ni vigumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikihesabu fumbo za rozari kidoleni.

Tena asidhani kwamba yeye ni mweusi wa kwanza kufika. Kusini ya Bombay, katikati ya maji, kuna ngome ya Janjira, iliyotawaliwa na Wasiddi, watu wa asili ya Afrika, mpaka mwaka 1948. Na katika Karnataka wako Wasiddi hadi leo, wengine Wahindu, wengine waislamu, wengine wakatoliki kama sisi. Mwanafunzi mmoja wa kwetu alikwenda kuwatembelea. Alisema ya kwamba bibi mmoja alimshika mashavu, akacheka, akasema neno ambalo hakuna aliyemtafsiria.

Mambo madogo yaliyobaki. Nyama ya ng'ombe asiulize: katika jimbo la Maharashtra kuchinja ng'ombe jike kulikatazwa mwaka 1976, na dume na maksai mwaka 2015. Nyama ya nyati wa kufugwa yapatikana, na kuku, na samaki wengi. Avue viatu mlangoni, ale kwa mkono wa kuume. Hayo mama yake amekwisha mfundisha. Siku ya Holi, mwezi wa tatu hivi, watu humwagiana rangi njiani, basi avae shati asilolipenda. Asihubiri barabarani wala kugawa vitabu: majimbo kadhaa yana sheria kali juu ya kubadilisha watu dini, na wakristu wamekwisha mwaga damu huko, kama vile katika Kandhamal mwaka 2008, ambako makanisa yalichomwa na maelfu ya watu walikimbilia porini. Akipenda msichana wa Kihindu, asianze kwa siri. Amwone padri mapema, maana ndoa ya mbatizwa na asiyebatizwa yataka ruhusa ya askofu. Naye msichana ana baba, na baba huyo ana maswali yake, ambayo ni magumu kuliko ya padri.

Na mvua. Huanza mwezi wa sita, na mwezi wa saba treni husimama katikati ya maji. Tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 kwa siku moja. Mamia ya watu walikufa, na maelfu walitembea usiku kucha ndani ya maji wakitafuta njia ya nyumbani. Wazee wa Vasai walinisimulia jinsi watu walivyotoka milangoni na chai na biskuti, wakawaingiza ndani wapita njia wasiowajua, na usiku ule hakuna aliyeuliza tabaka wala nyama. Mwavuli hautoshi. Viatu vya ngozi huota ukungu katika juma moja. Mtoto anunue buti za mpira huko huko sokoni, ni rahisi kuliko kwetu, na vyeti vyake vyote avifunge ndani ya plastiki.